Mpelelezi Anayejua Kupiga Hodi

Gari la polisi lafika kwenye nyumba iliyo peke yake katikati ya nyika kavu, nalo lasimama mbali kidogo na mlango. Dereva azima injini lakini hashuki. Akaa kitini kimya, akitazama milima, mpaka mwenye nyumba atoke mwenyewe na kuonyesha kwamba yu tayari kupokea mgeni. Ndipo anaposhuka. Wasalimiana, watajiana koo za mama na za baba, wazungumzia mvua na kondoo. Habari ya maiti iliyookotwa bondeni itakuja baadaye, kwa wakati wake.

Nyumba hiyo haiko Ganze wala Garsen. Iko katika nchi ya Wanavajo, kusini-magharibi mwa Marekani, nasi twaisoma katika riwaya za Tony Hillerman. Lakini msomaji wa Pwani akifika hapo hahitaji kufasiriwa. Ataitambua hodi, ijapokuwa haikutamkwa. Atatambua pia kosa la yule mpelelezi mwingine, mwenye suti na tai, ambaye katika riwaya hizo hizo hufika kwa haraka, hubisha mlango, huuliza maswali kumi kwa pumzi moja, huandika kwamba shahidi hana la kusema, kisha huondoka. Shahidi alikuwa nalo la kusema. Hakuombwa kwa adabu yake.

Makala haya yahusu riwaya za upelelezi za namna hiyo: hadithi ambazo ndani yake watu wa asili mbalimbali hulazimika kuitafuta kweli pamoja. Vijana wetu wengi husoma vitabu vya jinai kwa ajili ya kutaka kujua nani muuaji. Si vibaya. Ila bora ya vitabu hivi humwachia msomaji swali zito zaidi: je, mimi nikimtazama mtu asiye wa kwetu, namwona yeye, au naiona dhana yangu?

Mwandishi na nchi aliyoiandika

Hillerman alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Oklahoma, mtoto wa wakulima wasio na kitu. Shule aliyosomea utotoni ilikuwa ya watawa, iliyojengwa kwa ajili ya wasichana wa kabila la Wapotawatomi, na watoto wachache wa wakulima wa jirani walikubaliwa humo. Alipigana Ulaya katika Vita vya Pili vya Dunia, akajeruhiwa vibaya. Mwaka 1945, akiwa bado anauguza majeraha, alikutana njiani na Wanavajo waliopanda farasi wakielekea kwenye ibada ya kuwatakasa vijana wao waliorudi vitani. Picha hiyo haikumtoka. Baada ya miaka mingi ya uandishi wa habari, na kisha ya kuufundisha katika Chuo Kikuu cha New Mexico, alitoa riwaya yake ya kwanza, The Blessing Way, mwaka 1970. Wakala wake wa kwanza alikuwa amemshauri aondoe mambo yote ya wenyeji humo. Hakuyaondoa. Hadi alipofariki mwaka 2008 alikuwa ameandika riwaya 18 za mfululizo huo.

Eneo la Wanavajo ni la ukubwa wa kilomita za mraba 70,000 hivi, si pungufu sana ya uliokuwa Mkoa wetu wa Pwani. Lina serikali yake, mahakama zake na polisi wake. Lakini tangu sheria iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1885, makosa makubwa kama vile mauaji yanayotendwa na wenyeji katika maeneo yao huwa chini ya mamlaka ya serikali kuu. Kwa hiyo mtu akiuawa jangwani, polisi wa Kinavajo anayemjua marehemu, mama yake na mbuzi wake hana mamlaka kamili ya kuiongoza kesi. Mamlaka yako kwa afisa wa FBI aliyetoka mbali, ambaye huenda hajui hata barabara. Mmoja ana sheria bila habari, na mwengine ana habari bila sheria. Hillerman hakuubuni mkwamo huo. Aliukuta, akaujengea hadithi.

Wawili wa kabila moja, fikra mbili

Wahusika wake wakuu ni Joe Leaphorn na Jim Chee, wote Wanavajo, wote polisi, na bado hawafanani. Leaphorn ni mtu mzima wa kupima na kupanga. Ukutani ofisini mwake pana ramani kubwa iliyochomwa pini za rangi mbalimbali, na haamini kwamba mambo hutukia pamoja kwa bahati tu. Chee ni kijana aliyehitimu chuo kikuu, lakini moyoni ataka kuwa mganga wa ibada za kale, na mjomba wake ndiye amfundishaye nyimbo ndefu za kuwarudisha wagonjwa katika utulivu. Walianza kila mmoja katika riwaya zake, hadi Skinwalkers ya mwaka 1986 ilipowakutanisha.

Katika kitabu hicho, risasi zatoboa ukuta wa nyumba ndogo ya Chee usiku alipolala. Katika kuchunguza, waokota ushanga mdogo wa mfupa. Kwa afisa wa nje hilo ni takataka. Kwa Mnavajo ni habari nzito, kwani wanaoamini uchawi katika jamii hiyo husema kwamba mchawi humdhuru mtu kwa kipande cha mfupa. Yaani huenda aliyefyatua bunduki hakuwa jambazi, bali mtu mwenye hofu aliyeaminishwa kwamba Chee amemroga.

Leaphorn auchukia uchawi na mazungumzo yake. Lakini katika maisha yake ya kazi kuna kovu: alipokuwa kijana aliwahi kusikia uvumi wa uchawi kijijini, akaudharau kwa kuwa yeye hauamini, na watu wakauawa kwa sababu ya uvumi ule ule. Tangu hapo amejifunza kwamba kutoamini jambo hakumpi mpelelezi ruhusa ya kutolisikiliza. Si lazima uwe na imani ya jirani yako ili ujue kwamba imani hiyo inaweza kumtia panga mkononi.

Hapo nilikiweka kitabu chini, kwa kuwa nilikuwa nimeshafika Kilifi.

Sisi wa Pwani twalijua jambo hili bila ya kuhadithiwa. Kwa miaka mingi, katika Kaunti ya Kilifi na jirani zake, wazee wenye mvi wamekuwa wakikatwa mapanga kwa kusingiziwa uchawi. Mtoto augua, mjukuu afariki ghafla, kisha kidole chaelekezwa kwa babu. Mara nyingi nyuma ya kidole hicho pana shamba: mzee akiondoka, ardhi yauzika. Hapa sizungumzii kama uchawi upo au haupo. Wanazuoni wamelieleza hilo mahali pake. Nazungumzia damu ya mzee asiye na hatia, na ugumu wa kumpata aliyeimwaga. Sheria ya Uchawi ya nchi yetu ni ya mwaka 1925, iliyotungwa na wakoloni, nayo haikuandikwa na mtu aliyekaa chini ya mwembe kusikiliza vipi tuhuma kama hiyo huzaliwa na hukua.

Mtafakari afisa aliyehamishwa kutoka mkoa mwingine akapewa kesi ya aina hiyo. Akicheka kwamba huu ni ujinga wa washamba, mashahidi watanyamaza. Akiingiwa na hofu yeye mwenyewe, kesi itakufa. Anamhitaji mwenzake wa pale, anayejua ni nani aligombana na nani juu ya mpaka wa shamba. Na yule wa pale naye anamhitaji mgeni, kwa kuwa mgeni hana shangazi wa kumlilia amfiche mtuhumiwa. Huo ndio ushirikiano ambao riwaya hizi zaufundisha. Hauji kwa sababu watu wamependana; waja kwa sababu kila mmoja ana mlango asioweza kuufungua peke yake.

Mkufu wa nyanya

Kuna adabu moja ya Wanavajo ambayo Hillerman huirudia: si heshima kumkazia mtu macho, wala kumkatiza maneno. Huachwa kimya kipite kwanza, asije akawa hajamaliza. Mpelelezi wa mjini huyaona macho yaliyoinamishwa na kimya kile, akaandika: anaficha jambo.

Niliposoma hayo nilikumbuka mkufu wa dhahabu wa nyanya yangu, uliopotea nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi. Palikuwa na msichana aliyekuwa akitusaidia kazi za nyumbani, mtu wa bara, mpole, aliyekuwa hajamaliza hata mwaka kwetu. Watu wazima walimweka katikati ya ukumbi wakamhoji. Aliinamisha uso, asijibu ila kwa sauti ya chini. Mmoja wa wajomba akasema, “Mtazameni, hata macho hawezi kuinua.” Likawa ndilo hukumu. Aliondoka jioni ile na mfuko wake.

Miezi mingi baadaye, mto wa nyanya ulipofumuliwa ili sufi yake ianikwe, mkufu ulidondoka sakafuni. Nyanya alilia. Alitaka msichana atafutwe, lakini hapana aliyejua kijiji chake, kwa sababu katika miezi yote ile hapana aliyemuuliza kwao ni wapi.

Ajabu ni kwamba sisi wenyewe tulifunzwa vivyo hivyo: mtoto asimkazie macho mtu mzima. Macho yaliyoinama kwetu huitwa heshima. Kwa yule yaliitwa wizi. Ishara ilikuwa moja, tafsiri zikawa mbili, na kilichotofautisha ni kwamba yeye hakuwa wetu. Laiti angalikuwapo mtu mmoja tu pale ukumbini wa kabila lake, wa kusema, “Ngojeni, huyu anawaheshimu,” mambo yangalikuwa mengine. Na pengine asingehitajika mtu wa kabila lake. Angetosha mmoja wetu mwenye subira.

Majirani wenye ugomvi

Riwaya niipendayo zaidi katika mfululizo huu ni The Dark Wind ya mwaka 1982. Humo Chee afanya kazi na rafiki yake Dashee, naibu wa sherifu, ambaye ni Mhopi. Wahopi ni majirani wa Wanavajo, ardhi yao imezungukwa pande zote na ya Wanavajo, na ugomvi wa mipaka baina yao ni wa tangu zamani. Mwaka 1974 sheria ya Marekani iliigawanya ardhi iliyokuwa ya shirika. Maelfu ya Wanavajo, pamoja na Wahopi wachache, wakalazimika kuyahama makazi ya wazazi wao. Hadithi yaanzia kwenye jeraha hilo: kuna kinu cha upepo cha kuvutia maji katika ardhi iliyohamishiwa kwa Wahopi, kila mara chaharibiwa usiku, na Chee ametumwa kukilinda.

Chee na Dashee hutaniana bila kuchoka, kila mmoja akilicheka kabila la mwenzake. Msomaji wa Kiswahili atauita utani huo kwa jina lake, kwa kuwa nasi twaujua: utani ni hati ya ruhusa ya kusema ukweli bila kuvunja udugu. Lakini chini ya mzaha pana mpaka. Yako mambo ya dini ya Wahopi ambayo Dashee hawezi kumwambia rafiki yake, na Chee hamsukumi. Wakimwendea mzee wa Kihopi aliyeshuhudia jambo usiku, ni Dashee anayefasiri. Chee, Mnavajo, yule wa upande wa pili wa ugomvi wa ardhi, lazima angoje, asikilize lugha asiyoielewa, na amwamini rafiki yake kwamba anayafikisha maneno kama yalivyo. Hakuna mbio wala bunduki pale, na bado ni mahali penye mshikemshike kuliko pote kitabuni.

Wanavajo wana msemo, ambao Hillerman aliupenda, kwamba mtu mwovu hutenda kana kwamba hana jamaa. Kwetu twasema mtu asiye na kwao. Leaphorn na Chee wanapomtafuta mhalifu, huuliza kwanza ni nani aliyejikata na watu wake, hata akaona roho ya mwenziwe ni kitu cha kununulia mali.

Wengine katika safari hiyo

Hillerman hakuwa wa kwanza wala wa pekee. Mwaka 1964 Mwingereza H. R. F. Keating alitoa The Perfect Murder, ambamo Inspekta Ghote wa Bombay afuatwa kila aendako na Msuidi mrefu aliyetumwa na UNESCO kuzisoma mbinu za polisi. Keating aliandika bila kuwahi kuikanyaga India, na miaka kadhaa ilipita kabla hajaitembelea. Mwaka 1965 John Ball akaandika In the Heat of the Night. Humo mpelelezi Mweusi kutoka California, Virgil Tibbs, akamatwa kwa kushukiwa tu katika mji mdogo wa kusini, kisha mkuu wa polisi aliyemdharau hulazimika kumwomba msaada. Filamu ya kitabu hicho, ya mwaka 1967, ilipata tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Ulimwengu wa Kiislamu nao umeingia katika fasihi hii. Zoë Ferraris, Mmarekani aliyewahi kuishi Jeddah pamoja na jamaa za mumewe wa wakati ule, alichapisha Finding Nouf mwaka 2008. Msichana wa miaka 16 wa familia tajiri apotea kabla ya harusi yake. Maiti yake yapatikana jangwani, naye amekufa maji. Wanaotafuta kweli ni Nayir, kiongozi wa misafara ya jangwani mwenye asili ya Palestina, mcha Mungu mwenye haya nyingi, na Katya, mwanamke afanyaye kazi katika maabara ya uchunguzi wa maiti. Ugumu wao si wa kabila, ni wa namna mwanamume na mwanamke wasio maharimu wanavyoweza kufanya kazi ya haki pasi na kukiuka mipaka. Mzazi atakayesoma na bintiye ataona mengi ya kujadili, na mengine ya kupinga.

Karibu zaidi nasi, Mukoma wa Ngugi aliandika Nairobi Heat, iliyotoka mwaka 2009. Ishmael, kachero Mmarekani Mweusi kutoka mji wa Madison, afika Nairobi kufuata kesi inayomgusa mtu aliyesifiwa kwa kuwaokoa watu katika mauaji ya kimbari ya Rwanda. Apewa mwenzake, Odhiambo, aitwaye kwa kifupi O. Ishmael alidhani anarudi kwao. Agundua kwamba rangi ya ngozi haimfundishi mtu njia za mji.

Sisi wa Kiswahili tunaye Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alimleta katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha mwaka 1960. Maiti yapatikana mahali panapoogopwa kwa mizimu, na watu hawataki kusogea. Bwana Msa na kiko chake, Najum kando yake na Inspekta Seif mwenye sheria, hawawatukani wanaoogopa. Waijua hofu hiyo, na kwa kuijua ndipo wanapoweza kuona jinsi muuaji awezavyo kujificha nyuma yake. Miaka kumi kabla ya Leaphorn, Unguja ilikuwa imeshalifahamu somo lile lile.

Nani aandike habari za nani

Si haki kumaliza bila kusema kwamba Hillerman hakuwa Mnavajo. Wako walionung'unika kwamba mgeni hastahili kuzianika ibada za watu, wala kupata jina na mali kwa hadithi zisizo zake. Hoja hiyo si nyepesi. Kwa upande wa pili, mwaka 1987 Taifa la Wanavajo lilimtunuku heshima ya rafiki wa pekee wa watu wake, na vitabu vyake vimesomwa katika shule za huko. Nadhani tofauti baina ya mgeni anayepora na mgeni anayekaribishwa ni ile ile tuliyoanza nayo: mmoja alibisha na kuingia, mwengine alingoja kwenye gari.

Lakini malalamiko hayo yatuhusu kwa njia nyingine. Mji wa Mombasa una Mswahili, Mmijikenda, Mhadhrami, Mbohora, Mgoa, Msomali, Mluo, Mkamba na Mkikuyu, wote katika foleni moja ya kivuko cha Likoni. Hapana mahali palipofaa zaidi kwa riwaya ya wapelelezi wa asili mbalimbali. Iko wapi? Tukikaa kimya, ataandika mtu aliyekaa wiki mbili hotelini, nasi tutabaki kulalamika. Kiswahili tunacho, na mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya miswada ya fasihi katika lugha hii, iliyojulikana kwanza kwa jina la Tuzo ya Mabati-Cornell. Kijana mwenye kalamu asiseme hana pa kupeleka.

Na kwa ambaye hataandika, kusoma kunatosha. Chukueni kimoja cha vitabu hivi, mkisome jioni kwa zamu. Katikati ya kisa, kabla muuaji hajajulikana, mzazi na awaulize watoto: mnamshuku nani, na kwa nini? Kisha msikilize majibu kwa makini. Mara nyingi atashukiwa mgeni, au maskini, au mwenye lafudhi ya ajabu. Hapo ndipo pa kukifunga kitabu kwa muda na kusimulia habari ya mkufu, kwani sidhani kuwa ni nyumba yetu pekee yenye habari ya namna hiyo.

Nyanya alifariki bila kumpata yule msichana. Mkufu hakuuvaa tena. Aliuacha kwa wosia kwamba uuzwe, na thamani yake itolewe sadaka kwa niaba ya mtu ambaye jina lake la baba hatukuwahi kulijua.